Maswali ya wasomaji: Binti yetu tumpe jina gani la Kiwelisi?

SWALI: Mhariri mpendwa, mimi ni mkunga hapa Mbale na daktari ameniambia kwamba mtoto ninayemtarajia ni wa kike. Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi na mkunga mzee kutoka Pontypridd, Wales, aliyekuwa akija huku kutufundisha, na kwangu alikuwa mama hasa. Alifariki mwaka jana. Mimi na mume wangu tumeamua kumpa mtoto jina la Kiwelisi ili kumkumbuka. Yeye mwenyewe aliitwa Margaret, lakini hilo tunaliona ni la Kiingereza, kwa hiyo tumekusanya mengine: Angharad, Rhiannon, Branwen, Blodeuwedd, Gwen, Seren na Bronwyn. Mimi ni Mgisu, mume wangu ni Mwacholi wa Gulu, na nyumbani tunazungumza Kiswahili. Mama mkwe anasema kwamba jina asiloweza kulitamka haliwezi kuwa la mjukuu wake. Padre naye ameniuliza ni yupi kati ya hao aliye mtakatifu. Tufanyeje? — Mama mtarajiwa, Mbale

JIBU: Dada mpendwa, pole sana kwa kuondokewa na mwalimu wako, na Mungu akujalie ujifungue salama. Nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu wazazi wengi huamua jambo hili wodini, simu mkononi, wakichagua kutoka orodha zinazotaja maana ya jina kwa neno moja na kunyamaza kuhusu mengine yote.

Mama mkwe wako anastahili kujibiwa kwanza, nami ningemkumbusha kwamba majina ya Kiwelisi yamo Uganda tangu zamani, ila hayajitangazi. Gladys, jina ambalo ni shida kupata ukoo usio nalo, ni Gwladus wa Wawelisi aliyepita mikononi mwa Waingereza. Enid, ambaye Ankole na Kigezi wanamjua vizuri, ametoka katika masimulizi ya kale ya Wales. Winifred ni Gwenfrewi, mtakatifu wa karne ya 7, na chemchemi yake ingali inapokea mahujaji katika mji wa Treffynnon, kaskazini mwa nchi hiyo, ambao kwa Kiingereza huitwa Holywell. Jennifer naye ni malkia Gwenhwyfar, mke wa mfalme Arthur, kwa matamshi ya watu wa Cornwall, ambao lugha yao ni ndugu wa Kiwelisi. Kwa hiyo bibi ambaye maisha yake yote amewaita majirani zake Gladys na Winnie amekuwa akitumia majina ya Wales bila kujua, na hakuna jina lililomshinda.

Kuhusu matamshi yenyewe, Kiwelisi hutisha macho kuliko kinavyotisha ulimi, hasa ulimi wa mtu azungumzaye Kiswahili. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Herufi karibu kila mara husomwa kwa namna ileile, jambo ambalo Kiingereza hakijawahi kutuhurumia nalo. Herufi c ni k siku zote. Dd ni dh ya dhahabu. F moja husomwa v, na ff mbili ndizo f yetu. W ikikaa mahali pa irabu husomwa u. Chukua Angharad, ambalo wageni wengi hulikwepa kwa kuliona tu: mtu anayeweza kusema ng'ombe anayo sauti yake ngumu tayari, na kinachobaki ni kuifuatisha h, yaani Ang'-HA-rad. Maana yake ni mwenye kupendwa sana, na katika orodha yenu yote hilo ndilo ninaloliona zuri kuliko mengine.

Hata hivyo, mtoto huyu hataitwa na watu wa lugha moja. Ataitwa na bibi wa Gulu, na shangazi wa Mbale, na siku akienda shule Kampala ataitwa na watu wa Kiganda, na kila mmoja atalipitisha jina katika sauti zake. Mwacholi hasumbuki na konsonanti mwishoni mwa jina, kwa kuwa ana Okot na Akot, lakini wasemaji wengi wa lugha zetu za Kibantu wataongeza irabu bila kufikiri, na Rhiannon atakuwa Rianoni. Katika Kiganda, r husikika baada ya e na i, na mahali pengine hugeuka l. Ndiyo maana Maria akawa Maliya. Kwa kanuni hiyohiyo Seren atapita salama, bali Carys, jina lingine zuri la Kiwelisi lenye maana ya upendo, litakuwa Kalisi. Mabadiliko hayo hayana aibu yoyote. Ni vizuri tu myasikie nyinyi kwanza, myatamke mara kadhaa sebuleni, na mjiulize kama bado mnalipenda jina likiwa katika sura hiyo, kwa kuwa ndiyo sura litakayovaa siku nyingi.

Kwa sababu hiyo ninashauri mliache Gwen, ingawa ni fupi na kwa Kiwelisi lina maana ya weupe na baraka. Mume wako atakuwa ameshaona tatizo: kwa Kiacholi gweno ni kuku. Watoto wa shule ya msingi hawahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo, na sioni kwa nini binti yenu aanze darasa la kwanza akijitetea.

Sasa hadithi, ambazo kwangu ndizo zenye uzito kuliko yote. Wagisu na Waacholi, kama makabila mengine mengi ya Uganda, huamini kwamba anayepewa jina la mtu hupokea pia kitu cha mwenendo wake, na ndiyo sababu wazee huuliza marehemu aliishije kabla ya kukubali arithiwe jina. Basi nanyi waulizeni hao wanawake wa Wales waliishije. Watatu kati ya mliowataja wanatoka katika Mabinogi, masimulizi ya Kiwelisi ya Zama za Kati. Blodeuwedd aliumbwa na wachawi wawili kutokana na maua ili awe mke wa mtu ambaye hakuwahi kumchagua. Akampenda mwingine, wakapanga kumuua mume, na mwisho wake akageuzwa bundi. Jina linasikika kama bustani, lakini huyo ni bundi, na huhitaji mimi nikueleze wazee wa pande zote mbili watasema nini bundi akitajwa karibu na kitanda cha mtoto mchanga. Hilo liondoeni leo.

Branwen ni mwema, na pengine ndiyo maana kisa chake kinauma zaidi. Aliozwa kwa mfalme wa Ireland, akateremshwa jikoni kuwapikia watu wa jumba la mfalme, na kila siku mchinja nyama alikuwa akimpiga kofi. Alifuga ndege mdogo kwenye ukingo wa chombo cha kukandia unga, akamfundisha maneno, akamfunga barua na kumtuma ng'ambo ya bahari kwa kaka yake. Kaka akaja na jeshi, nchi mbili zikaangamia, naye Branwen alipotazama alichosababisha bila kukusudia, moyo wake ulipasuka, akafa. Wako wazazi wanaolipenda jina hili kwa ajili ya uvumilivu wake, nami siwalaumu, lakini wewe ni mkunga, na wanawake waliopigwa jikoni unawapokea kazini. Ningechagua jina lingine.

Rhiannon ni tofauti. Mtoto wake alitoweka usiku wa kuzaliwa, na wanawake waliopewa kazi ya kumlinda, kwa kuogopa adhabu, wakampaka mama damu ya watoto wa mbwa akiwa usingizini na kumsingizia kwamba amemla mwanawe. Aliadhibiwa kukaa langoni, kumsimulia kila mgeni kosa ambalo hakulitenda, na kujitolea kumbeba mgongoni hadi ndani. Aliyavumilia hayo mpaka mtoto akapatikana hai na ukweli ukajulikana. Hili ni jina la mwanamke aliyeshinda, na binti anaweza kusimuliwa kisa hicho akiwa na umri wowote bila mzazi kutafuta mahali pa kuruka. Mama mkwe akikubali Rianoni, nami nakubali.

Bronwyn mliloandika lina kasoro ndogo ya tahajia. Katika Kiwelisi mwisho wa -wyn ni wa kiume na wa -wen ni wa kike, kwa hiyo msichana huandikwa Bronwen. Huko Marekani na Australia wengi huandika kwa y, lakini nyinyi mnamkumbuka mtu wa Pontypridd, na watu wa kwao wakisoma jina la mtoto wenu ni heri waone limeandikwa wanavyoandika wao. Seren halina mgogoro wowote: ni nyota, ni jina la siku hizi, na halina kisa kizito nyuma yake.

Padre naye msimwogope. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 855, haidai kwamba jina la ubatizo lazima liwe la mtakatifu. Inawataka wazazi, wasimamizi na paroko waangalie tu kwamba halitolewi jina lililo geni kwa hisia za Kikristo. Nyota na upendo si mambo mageni kwa Mkristo. Lakini kama parokia yenu inapendelea mtakatifu, Wales inao tele: Gwenfrewi niliyekwisha kumtaja, Non, mama yake Mtakatifu Dewi, msimamizi wa nchi hiyo, na Dwynwen, ambaye Wawelisi humkumbuka kila tarehe 25 Januari kama msimamizi wa wapendanao.

Nimemwacha Margaret mpaka sasa kwa makusudi, kwa sababu nadhani mlilipita jina lenyewe mkilitafuta. Margaret si la Waingereza peke yao. Asili yake ni Kigiriki, maana yake ni lulu, na Wawelisi walilichukua zamani wakalifanya lao kwa sura tatu: Marged, Mared na Megan. Hivyo mnaweza kumpa mtoto jina lilelile la mwalimu wako, katika lugha ya nchi yake, na swali la padre likajibika papo hapo, kwa kuwa Mtakatifu Margaret yupo katika kalenda yake.

Kati ya hayo matatu mimi ningechukua Mared. Megan linajulikana zaidi, lakini makarani wataliandika kwa h ya Meghan, na watu watalivuta liwe Miigan, wakati Wales husema ME-gan kama linavyoandikwa. Mared huandikwa linavyosikika, silabi mbili tu, MA-red, na mama mkwe wako atalisema mara ya kwanza bila kufundishwa. Atasikia ndani yake pia mar, ambalo katika lugha yake ni upendo. Mbale wanaweza kuliita Maredi, Kampala Maledi, na yote hayo mtoto ataitikia. Kama moyo bado uko kwa Angharad, liwekeni la pili, au mpeni jina la Kiacholi la Lamaro lenye upendo uleule ndani yake, jambo ambalo huenda likawafurahisha wazee zaidi ya ushauri wangu wote.

Majina ya ukoo hayaondolewi na haya. Kama mtoto huyu anafuata pacha, Waacholi watamwita Akello mpende msipende, na ndivyo inavyofaa.

La mwisho ni la ofisini. Siku ya kuandikisha kizazi NIRA, mamlaka ya utambulisho na usajili wa watu, andikeni jina kwa herufi kubwa kwenye karatasi yenu wenyewe, mmpe karani ainakili badala ya kumtajia kwa mdomo, kisha msome alichoandika kabla hamjaondoka. Kurekebisha jina baadaye kunagharimu muda na hati. Kwa sababu hiyohiyo nayaepuka majina yenye alama juu ya irabu, kama Siân, ambalo husomwa Shaan na likipoteza alama yake hubaki nusu.

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mzee wa Kinubi, mkazi wa Bombo. Binti yangu ameolewa Cardiff, Wales, na kijana wa huko aliyesilimu, na wameniarifu kwamba mtoto wao wa kike wanataka kumwita Gwenllian. Nimejaribu kulisema nikashindwa. Lakini zaidi ya ulimi, najiuliza kwa nini damu yetu ibebe jina la watu waliotutawala. — Babu, Bombo

JIBU: Wa alaykum salaam, mzee wetu, na hongera kwa mjukuu.

Swali lako la pili ni zito na sitalipunguza. Wawelisi walikuwamo katika dola ya Uingereza. Henry Morton Stanley, aliyefika kwa Kabaka Muteesa I mwaka 1875 na kuandika barua iliyowaita wamisionari Buganda, alizaliwa Dinbych, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands. Kwa hiyo asitokee mtu wa kukuambia kwamba watu hao hawakuhusika na historia yetu.

Lakini jina Gwenllian lina historia ya upande mwingine. Gwenllian wa kwanza mashuhuri alikuwa binti wa mfalme, na mwaka 1136, mumewe akiwa safarini kutafuta msaada, aliongoza jeshi yeye mwenyewe dhidi ya Wanormani, watawala wa Uingereza wa wakati huo, waliokuwa wakinyakua nchi yao. Alishindwa karibu na ngome ya Cydweli akauawa, na uwanja huo hadi leo unaitwa Maes Gwenllian, uwanja wa Gwenllian. Wa pili alizaliwa mwaka 1282, mama yake akafariki kwa uzazi, na mwaka huohuo baba yake Llywelyn, mtawala wa mwisho wa Wales huru, akauawa vitani na askari wa Uingereza. Mtoto yule mchanga alichukuliwa hadi utawani Sempringham, mbali na kwao, ili asije akazaa warithi wa kudai nchi, na huko alikaa mpaka alipofariki mwaka 1337. Mwaka 2009 kilele kimoja cha milima ya Eryri kilipewa jina lake. Mjukuu wako angebeba jina la waliotawaliwa.

Na kutawaliwa huko kuliingia hadi shuleni. Katika karne ya 19, mtoto wa Wales aliyesikika akisema lugha ya mama yake katika baadhi ya shule alivikwa shingoni kibao cha mbao chenye herufi W.N., yaani Welsh Not, Kiwelisi hapana, akakihamishia kwa mwenzake atakayekosea baadaye, na aliyekutwa nacho jioni akachapwa. Msomaji yeyote wa Uganda aliyewahi kuvalishwa kibao au mfupa kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani anaujua mchezo huo, pamoja na ubaya wake wa kuwafanya watoto wapelelezi wa wenzao. Kiwelisi hata hivyo hakikufa: sensa ya mwaka 2021 ilipata wasemaji wapatao 538,000. Wazazi wanaochagua Gwenllian leo badala ya jina jepesi la Kiingereza wanajua wanachokirudisha, na naamini mkwe wako ni mmoja wao.

Kwa upande wa dini, kinachotakiwa ni jina lenye maana njema, wala si lazima liwe la Kiarabu. Na gwen, mwanzo wa jina hili, ni weupe na baraka. Siku ya akika nanyi mnaweza kuongeza la kwenu. Utapenda pia kujua kwamba Wawelisi wa kale waliandika nasaba kama sisi: Gwenllian ferch Gruffydd ni Gwenllian binti Gruffydd, neno kwa neno.

Ulimi sasa. Ugumu wote uko katika ll. Weka ncha ya ulimi mahali unapoiweka ukitaka kusema lala, iache hapo, usitoe sauti ya koo, kisha puliza pumzi ipite pembeni mwa ulimi kama mtu anayepoza chai kwa shavu moja. Ukishapata mvumo huo, sema Gwen-LLI-an, mkazo katikati. Mwombe binti yako akurekodie jina hilo kwa simu, alitamke polepole mara kadhaa, usikilize asubuhi kabla ya mazungumzo mengine hayajaanza. Ukishindwa kabisa, Gwen peke yake ni ufupisho unaokubalika hata Cardiff, na Bombo hautaleta maana mbaya kama ambavyo ungeleta Gulu. Nawe umrekodie jina mtakalompa huku, ili bibi yake wa upande wa pili naye aanze kujifunza.